Mfuniko Wangu na Upinde wa Baba Mkwe

Kwa miaka mingi niliujua mgongo wa baba mkwe wangu kuliko uso wake. Ningeutambua mgongo huo hata gulioni siku ya msongamano: mpana juu, mwembamba kiunoni, bega la kulia limepanda kidogo kuliko la kushoto kwa kuvuta upinde tangu ujana. Uso nilikuwa nauiba tu. Niliuiba kanisani akigeuka kwenda kutoa sadaka, na niliuiba kwenye picha ya harusi yangu, ambako amesimama pembeni kabisa kama mpita njia aliyeombwa asubiri kidogo.

Asiyetujua atauliza kulikoni. Ni heshima ya ukoo wao. Wao ni Wandali waliohamia huku Ihanda zamani, wakaukuta Ukristo na kahawa, wakavishika vyote viwili kwa mikono miwili, lakini desturi hii hawakuiachia: mkamwana na baba mkwe hawakutani uso kwa uso. Hawapeani mikono, hawali pamoja, hawapishani kwenye njia nyembamba. Nikimwona anakuja natoka njiani, napiga magoti huko huko kwenye majani, nasema shikamoo baba kwa sauti ya chini. Yeye anakohoa mara moja na kupita. Kikohozi hicho ndicho kilikuwa marahaba yangu.

Desturi ina mlango wake wa kutokea. Siku baba mkwe akiona inafaa, anamwita mkamwana, anampa kuku hai kwa mkono wake mwenyewe, wanasalimiana, yameisha. Tunasema mkamwana amefunguliwa. Wengi hufunguliwa wakijifungua mtoto wa kwanza. Mimi nilizaa wa kwanza, nikazaa wa pili, nikazaa wa tatu, na huyo kuku sikumwona hata unyoya.

Nilimtaka kuku yule, sitaficha. Mimi ni mtu wa Nanyala, nimekulia kando ya barabara kuu, malori ya mpakani yakitikisa vikombe kabatini. Kwetu mtu akikupenda anaingia jikoni, anavuta kigoda, anakuuliza unapika nini. Kuishi uwanja mmoja na mzee mwenye maneno matamu kiasi kile, halafu nisiweze kumuuliza hata swali moja, kwangu ilikuwa adhabu. Na nilihisi, kama mkamwana yeyote angehisi, kwamba pengine ameniona sifai.

Kilichoniokoa ni sauti yake. Alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, na hakuwa na nyingine. Jioni alikaa na mume wangu nje ya ukuta wa jiko langu, wakiota jua la mwisho, akisimulia habari za mawindo. Mimi ndani nachochea moto, nasikia kila kitu. Nikigonga sufuria ananyamaza mpaka kelele ziishe, ndipo anaendelea pale pale alipoachia. Hapo nikajua kwamba anajua ninasikiliza, na kwamba hadithi ile ilikuwa na wasikilizaji wawili.

Karibu hadithi zake zote zilikuwa za umbali. Wawindaji wengine wakikutana huulizana mti wa upinde, uzito wa mshale, manyoya ya ndege gani. Yeye aliuliza jambo moja: unasimama wapi? Alimwambia mume wangu, ambaye hakuwahi hata siku moja kuupenda upinde, kwamba kila mtu ana umbali wake kama alivyo na namba yake ya kiatu, na ukivaa cha mwenzako utachechemea. Kisha akaeleza namna ya kuutafuta. Unaanza karibu, karibu mpaka unajionea haya. Unapiga. Ukipata, unarudi nyuma kidogo na kupiga tena, hivyo hivyo, mpaka mshale wa kwanza utoke nje ya alama. Hapo vijana hujiambia, basi, nikisogea hatua moja tu mbele, umbali wangu ndio huo. Yeye alikataa. Unasogea mbele zaidi, mpaka pale kifua kinapotulia, huwazi mkono wala jicho, na mtu akikuuliza kama utakosa unaliona swali lenyewe ni la kijinga.

"Pale unapoweza kupata ni pa kujisifia," alisema. "Pale usipoweza kukosa ndipo pa mnyama."

Na hata hapo pasipowezekana kukosa hapakai mahali pamoja. Asubuhi ya baridi, na baridi ya Mbozi mwezi wa saba si ya mchezo, misuli ya mgongo haijaamka: sogea. Umesimama kwenye mteremko: sogea. Umechoka kwa kutembea: kaa chini kwanza, halafu sogea. Mvua imelowesha kamba ya upinde: rudi nyumbani. Umegombana na mkeo: rudi nyumbani, ukaombe radhi. Mnyama anayekutazama yuko mbali kuliko anayekula, hata kama wamesimama bega kwa bega, kwa sababu anayekutazama ataisikia kamba ikilia na ataondoka kabla mshale haujafika.

Mnyama naye, alisema, ana umbali wake, ule ambao ukiuvuka tu anakimbia. Mwindaji anajipatia riziki katikati ya mipaka hiyo miwili, mahali ambapo wewe huwezi kukosa na yeye bado hajaogopa. Neno hili alilimalizia kwa namna ileile kila mwaka, mpaka watoto wangu wakawa wanalisema pamoja naye kwa midomo bila sauti. Alisema, siku umbali wake yeye utakapokuwa mfupi kuliko uoga wa mnyama, atautundika upinde.

Kila mwaka kahawa ikishaisha mtini, kabla hajaenda porini, alijipima upya. Nilijua siku imefika kwa sababu mama mkwe alikuja jikoni kwangu kuazima mfuniko wa sufuria. Ulikuwa mfuniko wa sufuria yangu ya ugali, niliyokuja nayo kutoka Nanyala. Baba mkwe aliuweka juu ya kikapu kikuukuu kilichoshindiliwa majani makavu ya migomba, akauzungushia mkaa, na duara lile ndilo lilikuwa shabaha. Alisema moyo na mapafu ya nguruwe pori havizidi mfuniko huu. Kikapu kilitundikwa kwenye mparachichi, naye akarudi nyuma hadi kona ya zizi. Miaka ile nilipoolewa, kona ya zizi ndiyo ilikuwa pake.

Nilimtazama kupitia dirisha la jiko. Sasa mtu ukisikia mwindaji unafikiria mtu anayekunja uso. Yeye uso sikuuona, lakini mgongo ulifurahi. Aliinua upinde taratibu, mabega yakakaribiana, akavuta kwa mgongo siyo kwa mikono, na akaachia bila kusita hata kidogo. Mshale ulifika kabla sijapepesa. Jioni mfuniko ulirudi una masizi ya mkaa pembeni, nami nikausugua kwa majivu nikijisikia kwamba nimeshiriki kitu.

Kijiji kilikuwa kimemruhusu kulinda mashamba dhidi ya nguruwe pori, na hapo ndipo tulipokaribia kugombana, kama watu wasiosemezana wanaweza kugombana. Mwaka mmoja mahindi yangu ya bondeni yalikuwa yameanza kubeba. Alfajiri moja alikwenda kuyalinda. Nguruwe akaja. Baba mkwe alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya kichuguu, upepo unamwelekea yeye, kila kitu kimekaa sawa. Ila nguruwe alisimama kupita kidogo pale ambapo baba mkwe hawezi kukosa. Basi mzee akamwangalia. Nguruwe akala bua, akala la pili, akautembea mstari mzima wa mahindi yangu akitafuna, hauvuki ule ukingo wala haendi mbali nao. Jua lilipopanda akashiba, akaondoka na njia zake. Baba mkwe akarudi nyumbani akasimulia yote haya kwa sauti yake ileile nje ya ukuta wa jiko langu, tena akicheka, akisema nguruwe yule alikuwa kama amepimiwa kamba.

Mimi ndani nilikuwa sicheki. Nilimwambia mume wangu usiku ule kwamba tumepata mwindaji anayewalisha nguruwe. Ninashuku ukuta ulinisaliti, kwa sababu kesho yake asubuhi nilikuta debe la mahindi mlangoni, limejazwa mpaka kileleni, na hakuna aliyesema limetoka wapi. Ghalani kwake debe moja lilipungua. Hasira zikaniishia, ikabaki aibu kidogo na mahindi mengi.

Nilikuja kumwelewa kwa sababu ya jirani yetu, mzee wa kanisa mwenye mikono kama ya mkata mbao. Huyo naye ana upinde, mgumu kiasi kwamba vijana hawauvuti, na anapenda kupiga mbali ili watu waseme. Siku moja walikwenda pamoja. Nguruwe alitokea ng'ambo ya kijito, mzee wa kanisa akaachia, mshale ukampata nguruwe nyuma ya mbavu akakimbilia kwenye matete. Jirani akapiga mbinja ya ushindi. Baba mkwe alikaa chini akavua kofia. Halafu akasimama, akamwambia mwenzake kwamba sasa watamfuata mpaka wamwone, na wakamfuata kutwa, kwenye tope, kwenye upupu, bila maji, mzee wa kanisa akinung'unika kwamba ana kikao. Walimkuta jua likielekea kuzama. Baba mkwe akamsogelea nguruwe yule akammalizia shida yake, nyama yote akampa mwenzake abebe, yeye hakugusa kipande. Hakumsema. Aliporudi alikunywa maji, akalala, na jioni ile hapakuwa na hadithi nje ya ukuta. Wiki iliyofuata wakanywa chai pamoja kama kawaida, ila mzee wa kanisa alianza kusogea karibu kabla ya kupiga.

Ukiyasikia haya utadhani baba mkwe alikuwa mtu wa kipimo katika kila kitu. Mbona ningefurahi. Mtu huyu ambaye aliweza kukaa kimya nusu siku akimwangalia nguruwe, hakuweza kukaa kimya dakika moja akimwangalia binadamu. Alimkosoa fundi aliyejenga tanki letu la maji mpaka fundi akamkabidhi mwiko. Kwenye harusi alisimama bila kuitwa kutoa nasaha, na nasaha zake zilianza na kasoro za bwana harusi. Simu aliishika mbali na uso kwa urefu wa mkono na kupiga kelele, kwa hiyo ukiwa unaongea naye ukiwa Tunduma, mimi niliyeko Ihanda nasikia pande zote mbili.

Tunduma kwenyewe alikuwa na mtindo wake. Mume wangu alimsindikiza mara kadhaa kununua vitu kwa wafanyabiashara wa upande wa Zambia. Mzee husimama ng'ambo ya barabara, katikati yake na muuzaji kuna foleni ya malori, na kutoka huko anasalimia mulishani, salamu ya wenyeji wa kule, kwa sauti ya kengele ya kanisa na kuanza kupatana bei. Alisema muuzaji akikuona karibu ananusa hamu yako. Lori likipita katikati wananyamaza wote, likishapita wanaendelea. Wafanyabiashara wale walimpenda na walimtania, na kila mara alirudi na kitu kizuri na koo lililokauka.

Jambo jingine la kushangaza, hakuweza kuchinja kuku. Mtu wa nguruwe na sungura na kanga, akipewa kuku na kisu anazunguka nyumba mara mbili kisha anamtafuta mama mkwe. Alisema kuku anakuja kwako mwenyewe ukimwita, sasa huyo utampigaje. Nyama ya porini nayo alikula kidogo sana, nyingi aligawa kwa majirani na wajane, akarudi kwenye ugali na maharage yake kwa furaha kubwa.

Na kwa upande wetu sisi wawili, heshima yake ilikuwa kali kuliko yangu. Kabla ya kona yoyote alikohoa. Baiskeli yake ilikuwa na kengele, akaipiga tangu kwenye daraja ili nijiandae. Alasiri moja aliingia ghalani kutengeneza rafu za magunia, mimi bila kujua nikaja nikaweka mkeka mlangoni pa ghala na kuanza kuchambua kahawa. Niliimba nyimbo za kwaya zote ninazozijua. Yeye ndani hakuthubutu kukohoa, akidhani nitaona amekuwa akinivizia. Alikaa humo mpaka kahawa ilipokaribia kwisha, ndipo nikasikia sauti nzito kupitia nyufa za mbao ikimwambia mbwa wetu, aliyekuwa amelala pembeni yangu, awaarifu watu walioko nje kwamba humu ndani kuna mzee ana kiu. Niliweka kikombe cha maji mlangoni nikakimbia, nikaacha kiatu kimoja. Mbwa akabaki, na nadhani yeye ndiye aliyekunywa maji niliyoyaacha.

Kila asubuhi nilimpelekea chai kwa mikono ya watoto. Kikombe kilirudi kitupu, bila neno. Miaka yote hiyo, mtu aliyekuwa na maoni kuhusu tanki, bwana harusi na bei ya vitenge vya Zambia, hakuwahi kuleta neno hata moja kuhusu chai yangu.

Mtoto wangu wa tatu alipoanza kutembea nilishindwa kuvumilia. Tulikuwa tunachuma kahawa na mama mkwe, sisi wawili tu kwenye mstari mmoja, na nikamuuliza waziwazi nimemkosea nini baba. Mama mkwe ni mwanamke wa maneno machache, pengine kwa kuwa mwenzake aliyachukua yote. Aliendelea kuchuma mpaka tawi likaisha, ndipo akaniambia habari ya mkamwana mwenzangu, mke wa shemeji yangu mkubwa, ambao sasa wanaishi Chapwa na wana duka.

Yule alifunguliwa mapema, hata kabla ya kuzaa. Baba mkwe alifurahi mno kupata binti nyumbani, akamwita akampa kuku, na kuanzia siku hiyo akamsogelea na ulimi wake wote. Ugali wako mwepesi. Mtoto unamfunika mno. Maharage haya kwenu ndivyo wanavyoyaunga? Hakuwa na ubaya, mama mkwe alisema, alikuwa anaongea tu kama anavyoongea na kila mtu. Lakini yule binti alikuwa na moyo laini, kila neno lilimchoma, naye mzee hakuona kwa sababu aliyechomwa hakulia. Siku moja walifunga mizigo. Sasa wanakuja Krismasi, wanashusha zawadi, wanaondoka jua halijazama.

"Baba yenu aliumia sana," mama mkwe akasema. "Akaniambia, huyu wa Nanyala sitaki kumjeruhi. Mwache akae mbali mpaka niujue ulimi wangu."

Nilisimama na ndoo yangu mkononi. Miaka yote nilidhani nimewekwa mbali kwa kuwa sifai, kumbe mzee alikuwa amelala nyuma ya kichuguu chake, ananiangalia nikila mahindi. Nililia kidogo pale kwenye kahawa, kilio cha kupumua, na mama mkwe akanipa kanga yake nijifute. Tangu siku hiyo nikipiga magoti majanini nilipiga kwa moyo mweupe. Ila kuku bado nilimtaka, tena sasa zaidi.

Miaka ikafanya kazi yake. Kutoka kona ya zizi akahamia mbele ya mlango wa ghala. Hakulalamika. Alipiga, akapata, akaja ukutani jioni kueleza kwa furaha kwamba mwaka huu tunasogea. Kutoka ghala akahamia kwenye kichanja cha kuanikia kahawa. Ili afidie alijifunza kunyata zaidi, akawa anatumia asubuhi nzima kukaribia kanga ambao zamani angewapiga akiwa amesimama. Mume wangu alimwuliza kwa nini asitafute upinde mwepesi ili abaki palepale ghalani. Akasema upinde mwepesi utamdanganya yeye, hautamdanganya mnyama.

Kisha macho yakaingia ukungu. Alipelekwa hospitali, jicho moja likatengenezwa, la kulengea wakasema limechelewa. Sauti nayo ikashuka. Jioni nikawa nalazimika kuacha kuchochea moto na kusogeza kigoda hadi ukutani ili nimsikie. Ulimi nao ukapoa. Kwenye harusi ya mwisho tuliyokwenda, alisubiri aitwe, na alipoitwa akasema vijana wapendane, akakaa. Watu walipiga makofi kwa mshangao.

Msimu uliopita, kahawa ilipoisha mtini, mama mkwe alikuja jikoni kuazima mfuniko. Safari hii alikuwa pia na kuku kwapani, tembe mwekundu, amefungwa miguu. Nikamuuliza kama tuna wageni. Akasema labda. Akaenda akamfunga kuku kwenye mguu wa kichanja, akakaa kwenye kizingiti cha nyumba yake na ungo wa maharage, akaanza kuchambua. Mume wangu alikuwa amepeleka kahawa kwenye chama cha ushirika. Watoto walikuwa shule.

Kikapu kilikuwa kwenye mparachichi na duara lake jipya la mkaa. Baba mkwe alisimama kwenye kichanja, mgongo umenielekea kama siku zote, ingawa sasa mgongo wenyewe umeinama na mabega yamelingana. Aliushika upinde, lakini hakuuinua. Alikiangalia kikapu muda mrefu. Nikaona ameugeuza upinde, ameukanyaga kidogo kwa mguu, na kamba akailegeza. Akauegemeza kwenye kichanja. Nikaelewa. Hakuna kanga duniani atakayekuruhusu umsogelee zaidi ya pale.

Halafu akageuza kichwa kuelekea dirisha la jiko langu. Hakumtazama mbwa, wala ukuta.

"Mwanangu," akasema, "hebu nisogezee hicho kikapu."

Niligeuka nyuma kutafuta mtoto gani anaitwa. Mama mkwe hakuinua uso kutoka kwenye maharage yake. Aliniambia ni mimi, niende.

Nilikwenda. Nilikishusha kikapu kutoka mparachichi nikakikumbatia, macho chini, na kuanza kutembea kumwelekea. Nilipofika usawa wa tanki nikasimama, nikauliza kama hapo panatosha. Akasema nisogeze. Nikasogeza. Nikasimama tena, nikauliza tena. Akasema nisogeze tu. Nilitembea mpaka nikaona ndala zake za tairi, mpaka nikasikia harufu ya ugoro kwenye koti lake, mpaka kikapu kikamgusa kifua. Hapo akanyoosha mkono, akaupapasa ukingo wa duara la mkaa, akaweka kiganja katikati.

"Hapa," akasema, "siwezi kukosa."

Akainama kumfungua kuku. Ilimchukua muda, fundo lilikuwa la mama mkwe na vidole vyake haviioni kamba vizuri, lakini sikuthubutu kumsaidia na hakuniomba. Akamwinua akaninyooshea, nami nimekumbatia kikapu kama mjinga, sijui nikiweke wapi, mpaka aliponiambia nikiweke chini. Nikampokea kuku kwa mikono miwili. Nikainua macho.

Uso ulikuwa mdogo kuliko nilivyoufikiria. Una kovu dogo kwenye nyusi ambalo picha ya harusi haikulionyesha, na mikunjo mingi pembeni mwa macho, ya mtu aliyecheka sana mahali ambapo sikumwona. Jicho moja lilinitazama, la pili lilitazama ukungu wake. Nikapiga magoti palepale miguuni pake na kuku wangu.

"Shikamoo baba."

Akakohoa. Mazoea. Kisha akajicheka mwenyewe mpaka akalazimika kushika kichanja, na mama mkwe kule kizingitini naye nikamsikia anacheka, jambo la nadra.

"Marahaba, mwanangu," akasema, akapangusa machozi. Nikaona kitu kinamjia mdomoni, anakizuia, anakizuia, kinamshinda. "Lakini ile chai yako ya asubuhi. Sukari inazidi."

Nilikuwa nimeingoja kasoro ile tangu nilipoolewa. Nilisimama nikampakata kuku vizuri, na nikamwambia baba mkwe wangu, uso kwa uso, kwamba kwetu Nanyala ndivyo tunavyoinywa, na kesho nitaileta mwenyewe.